Mchezo wa watu tisa hauwezi kuandikwa jina moja

"Mwandishi ni nani?"

Swali hilo tuliulizwa saa nane mchana, katika ukumbi ambao feni yake haijazunguka tangu nilipoanza masomo. Tulikuwa watu tisa, tumesimama mbele ya meza ya jopo la shindano moja la michezo ya wanafunzi. Tulikuwa tumemaliza kuonyesha mchezo wa dakika arobaini juu ya familia inayogombania kiwanja cha marehemu baba yao. Watu walikuwa wamecheka, kisha mwishoni wakanyamaza, na kwa mchezaji kimya cha namna ile ni zawadi kubwa kuliko kicheko. Tukaangaliana. Mmoja wetu akajibu: "Ni sisi wote, Profesa." Jopo likaandika kitu. Halafu likaomba maandishi ya mchezo. Tukasema maandishi hayapo; ipo orodha ya sehemu sita tuliyoibandika ukutani, na yapo mazoezi ya majuma kumi na moja. Likaandika tena. Matokeo yalipotangazwa, mchezo wetu ulikuwa umetolewa kwa sababu mbili: hauna mwandishi, na haukuandaliwa. Chini yake mtu aliongeza kwa kalamu ya bluu kwamba lugha yetu ni "Kiswahili cha mtaani".

Siandiki haya ili turudishiwe kikombe. Kikombe kilikwenda kwa wenzetu, na mchezo wao ulikuwa mzuri. Naandika kwa sababu watu waliosoma lugha na fasihi wameweza kusema, hapa Lubumbashi, kwamba mchezo usioandikwa ni mchezo usioandaliwa. Wangesema hivyo katika mji mwingine, ningenyamaza. Lakini huu ni mji wa Mufwankolo.

Muulize mzazi yeyote aliyekulia Kamalondo au Katuba. Atakutajia jina hilo kabla hujamaliza swali. Lilikuwa jina la jukwaani la Odilon Kyembe, likawa jina la kundi zima, na kwa miaka mingi watu walilisikia redioni na kuliona kwenye televisheni, wakicheka mambo ya nyumba zao wenyewe. Tunalikumbuka kundi hilo kama vichekesho vya jioni. Ni mara chache tunakumbuka kwamba lilikuwa pia karakana, yenye namna yake ya kufanya kazi, na kwamba namna hiyo imehifadhiwa kwa undani ambao makundi mengi ya Ulaya yangeuonea wivu.

Imehifadhiwa kwa sababu ya firigisi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alirudi mwaka 1986. Siku moja mezani, kuku akiwa ameandaliwa, alisikia msemo: le pouvoir se mange entier, yaani mamlaka huliwa mazima. Firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, haikatwi vipande. Kila aliyekulia huku anaelewa bila kufafanuliwa, na ndiyo sababu ni vigumu kumfafanulia mgeni. Fabian akawauliza marafiki zake wa kundi la Mufwankolo maana yake. Wangeweza kumpa sentensi tatu za kuandika daftarini. Badala yake wakaamua kuufanya msemo huo mchezo. Kitabu chake, Power and Performance, kilichotoka mwaka 1990, kinafuata kazi hiyo tangu mazungumzo ya kwanza, kupitia upangaji wa sehemu na mazoezi, hadi mchezo wenyewe uliporekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya mji. Maneno yamechapwa kwa Kiswahili cha Shaba kama yalivyotoka vinywani, na tafsiri ya Kiingereza.

Nimekisoma kitabu hicho kwa nakala iliyofifia, kurasa nyingine zikiwa zimekatwa pembeni na mashine ya kunakili, na kilichonishika si nadharia yake. Ni yale mazoezi. Hakuna anayegawa karatasi za maneno ya kukariri. Kwanza wanaujadili msemo wenyewe: ni kweli au si kweli, nani anaula uwezo, nani anaachiwa mifupa. Kisha wanapatana juu ya sehemu zitakazofuatana na nani atakuwa nani. Baada ya hapo kila mmoja anatafuta maneno yake akiwa amesimama, mbele ya wenzake, na wenzake wanamsahihisha. Sehemu ileile ikirudiwa, maneno hayarudi yalivyokuwa.

Kuna atakayesema: huo ni utani wa kienyeji, si tamthiliya ya majaribio, majaribio ni Paris na New York, kwenye majukwaa meusi na waigizaji wasiovaa viatu. Mimi naona kinyume chake. Jaribio ni nini, kama si kuchukua jambo usilolijua, kulitia katika hali fulani, kisha kuangalia litakachofanya? Waigizaji wa Mufwankolo walichukua msemo ambao hata wao hawakukubaliana juu ya maana yake, wakautia ndani ya kijiji chenye chifu, wakaangalia unavyokwenda. Fabian mwenyewe alitoka na fundisho lililobadilisha taaluma yake: kwamba yako maarifa ambayo watu hawawezi kukupa kwa kujibu maswali, wanaweza tu kuyatenda mbele yako, nawe ukiwemo. Sisi tunaofundishwa kukusanya misemo kwa kuwapa wazee fomu ya maswali tungefaa kulisoma fundisho hilo taratibu.

Nirudi kwenye neno "haukuandaliwa", maana ndilo linalonichoma.

Anayeona mchezo usio na maandishi hudhani kwamba kila mmoja anasema linalomjia. Angejaribu siku moja tu. Katika mchezo wetu, sehemu ya tatu ina jambo moja lisiloweza kukosekana: baba mdogo lazima aondoke na hati ya kiwanja mfukoni. Ataipataje, hiyo ni juu ya wachezaji wa siku hiyo. Lakini dada mkubwa asipoitaja hati kabla baba mdogo hajaingia, huyo atakapoingia hana la kutafuta, na sote tutasimama kama watu waliokosa basi. Jumla ya mambo ya lazima kama hayo katika mchezo mzima ni kumi na saba. Tunayajua yote kwa moyo, wote tisa, hata wale wasiohusika nayo, kwa sababu mwenzako akisahau ni wewe utakayelirudisha jambo katikati ya maneno yako bila mtazamaji kugundua. Mwenye kukariri maneno yake anaweza kusubiri zamu yake huku akiwaza mambo mengine. Sisi hatuwezi. Juma la pili tulifanya mazoezi mawili mazima ya kusikiliza tu: mtu haruhusiwi kusema sentensi isiyoshika neno moja la sentensi iliyotangulia. Ilikuwa ngumu kuliko mtihani wa fonolojia, na mmoja wetu alikasirika akaenda zake, akarudi Jumatatu.

Kuhusu Kiswahili cha mtaani nitasema machache, kwa kuwa gazeti hili limeshabishana sana juu ya usanifu. Baba mdogo wetu anasema Kifaransa anapotaka kutisha, Kiswahili cha Lubumbashi anapoomba, na Kisanga mara moja tu, anapobaki peke yake na picha ya marehemu. Hakuna aliyeamua hivyo. Ilijitokeza katika juma la nne, mchezaji akiwa amechoka, na sote tukajua papo hapo kwamba haitaondoka. Tungeketi mezani kuandika kwa Kiswahili sanifu, tungepata mazungumzo safi ya watu wasiopata kuishi katika mji huu. Kiswahili sanifu nakipenda, ndicho ninachokiandika hapa. Lakini mtu anayenyang'anywa kiwanja hajibu kwa lugha ya kitabu.

Sasa niingie mahali ambapo mimi mwenyewe sina raha.

Wanaosifu kazi ya pamoja hupenda kuisema kana kwamba ndani yake hakuna mkubwa. Si kweli. Kundi lililoucheza msemo wa mamlaka yasiyogawanyika lilijulikana kwa jina la mtu mmoja. Kitabu kinachotunza sauti zao kina jina moja kwenye jalada, nalo si la mwigizaji. Silaumu, napenda tu tuione firigisi ilipo.

Wala jambo hili si la Lubumbashi pekee. Théâtre du Soleil ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1964 kama ushirika wa wafanyakazi, na watu wote wakawa wanalipwa sawa, aliyeshika taa na aliyeshika upanga. Mchezo wao 1789, ulioonyeshwa kwanza Milano mwaka 1970 kabla ya kuingia katika kiwanda cha zamani cha silaha huko Vincennes, ulitengenezwa kwa njia ambayo mtu wa Mufwankolo angeitambua: wachezaji waligawanyika katika vikundi vidogo, kila kikundi kikabuni namna yake ya kuonyesha tukio lilelile la mapinduzi, wakaonyeshana, wakabakiza kilichosimama. Hata hivyo, fungua kitabu chochote cha historia ya tamthiliya na utakuta umeandikwa "1789 ya Ariane Mnouchkine". Yeye ndiye aliyekaa nje akiangalia, na anayekaa nje ndiye anayeona kipi kibaki. Sipingi kwamba hiyo ni kazi kubwa. Napinga kwamba ni kazi yote. Uingereza kundi la Joint Stock, la mwaka 1974, lilichagua njia nyingine: waigizaji na mwandishi wanachunguza pamoja kwa majuma kadhaa, kisha mwandishi anakwenda peke yake kuandika, kisha wanarudi kufanya mazoezi. Ndivyo ilivyopatikana Cloud Nine ya Caryl Churchill mwaka 1979. Hapo angalau mkataba ni wazi, ingawa jina ni moja vilevile. Na jirani zetu wa Kamiriithu, huko Limuru nchini Kenya, walipotayarisha Ngaahika Ndeenda mwaka 1977, walikuwa na waandishi wawili wanaojulikana, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, lakini mazoezi yalikuwa ya wazi na wanakijiji wakawasahihisha waandishi Kikikuyu chao. Msomi aliyefundisha chuo kikuu anasahihishwa lugha na wazee wa kijiji, naye anakubali! Sijawahi kuona jambo hilo katika idara yoyote.

Basi kuna mkubwa kila mahali. Swali kwangu ni kama kuna mahali ambapo mchango wa kila mtu umeandikwa. Na hili sikulipata kitabuni, lilinipata kwa aibu.

Baada ya kutolewa katika shindano tuliamua kuyanukuu mazoezi yetu, kwa kuwa tulikuwa tumeyarekodi kwa simu tangu juma la kwanza, bila lengo lolote zaidi ya kujisikiliza. Tuligawana rekodi. Saa moja ya sauti ilinichukua siku moja na nusu kuiandika, kwa sababu watu tisa wanaobuni hawangoji zamu, na umeme nao una mambo yake. Katika mchezo wetu kuna sentensi moja ambayo ukumbi wote uliipigia kelele. Dada mkubwa anamwambia baba mdogo: "Viatu ya baba haiyapoa, weye unaisha kuvaa." Anayeisema jukwaani ni yaya mmoja wa mwaka wa tatu, mchezaji hodari, na baada ya onyesho kila aliyempongeza alimrudishia sentensi hiyo. Naye aliipokea. Mimi pia nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ni yeye aliyeibuni, na nilikuwa nasema ninachokiamini.

Katika rekodi ya juma la tatu, dakika ya ishirini na kitu, sentensi hiyo inasemwa na sauti nyingine. Ni ya msichana wa mwaka wa kwanza, ambaye katika mchezo wetu anacheza jirani na ana maneno machache kuliko sote. Hakuwa hata akicheza wakati ule. Alikuwa ameketi kwenye benchi, akaitupa kama mtu anayejisemea. Katika rekodi unasikia watu wakicheka, unasikia sauti ya yaya ikiirudia mara mbili ili kuionja, halafu kazi inaendelea. Hakuna aliyeiba. Baada ya juma moja tu, sote tulikuwa tumesahau, na nadhani hata msichana mwenyewe alikuwa ameanza kusahau. Tulipomsikilizisha aliinamisha kichwa akasema: "Haiko kitu." Yaya akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwomba radhi mbele yetu wote. Mimi nilikuwa natazama dirishani.

Tangu siku hiyo jibu letu kwa jopo, "ni sisi wote", linanisumbua karibu sawa na swali lao. "Sisi wote" ni pazia zuri. Nyuma yake anaweza kujificha yule aliyekuja mazoezini mara mbili, na anaweza kufutika yule aliyetoa neno lililoubeba mchezo. Jopo lilitaka jina moja, nasi tukalipa jina lisilo la mtu. Pande zote mbili zilikosea, ingawa sisi tulikosea baada ya kufanya kazi.

Najua walimu watasema nini, kwa sababu mmoja wao ameshaniambia kwenye ngazi, kwa upole, na hoja yake ina uzito. Alisema: "Kijana, kila mwaka napokea kazi za kikundi. Wanafanya wawili, wanasaini wanane. Sasa unataka nipokee na michezo?" Ana haki. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa kati ya wale wawili, na mara moja, nakiri, kati ya wale wanane. Lakini angalia: tatizo analolisema linatokana na kazi inayofika mezani ikiwa imekwisha, safi, bila alama za mikono iliyoitengeneza. Kazi yenye rekodi za mazoezi na nukuu zake inafika na alama zote. Anayetaka kujua nani alifanya nini atasoma. Ni rahisi kudanganya kwa insha ya watu wanane kuliko kwa sauti yako isiyosikika ndani ya saa ishirini na sita za rekodi.

Ombi langu kwa kitivo ni hili, nalo halihitaji pesa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetaka kumaliza kwa kazi ya uigizaji aruhusiwe kuleta, badala ya tamthiliya iliyoandikwa na mtu mmoja, nukuu ya mazoezi ya kundi lake: nani alisema nini, lini, nini kilibaki na nini kiliachwa, pamoja na uchambuzi wake mwenyewe wa sehemu moja. Alama atapewa kwa uchambuzi huo na kwa uaminifu wa nukuu. Majina ya wote yakae kwenye jalada. Tunasomea lugha; kunukuu mazungumzo ya Kiswahili, Kifaransa na Kisanga yanayoingiliana katika pumzi moja ni kazi ya isimu ambayo wengi wetu tunamaliza masomo bila kuigusa hata mara moja. Mtu kutoka mbali alikuja kuifanya hapa mwaka 1986, kwa kutumia kinasa sauti cha kanda. Kila mmoja wetu ana chombo bora kuliko hicho mfukoni, na kazi tunayokifanyia ni kutumiana salamu.

Kwa wenzangu wa makundi mengine nina neno moja la kirafiki: rekodini tangu siku ya kwanza, hata mazoezi mabaya, na hasa mazoezi mabaya. Semeni tarehe mwanzoni. Kila mtu ataje jina lake, maana baada ya miezi miwili sauti za kwenye benchi zinafanana. Na mtu mmoja, si kiongozi, apewe kazi ya kutunza.

Sisi tumemaliza kunukuu sehemu tatu kati ya sita. Kurasa arobaini na nane za kwanza zipo kwa msimamizi wa maktaba ya idara, zimeunganishwa kwa uzi kwa sababu pini zilikuwa zimekwisha. Mbele kuna majina tisa kwa mpangilio wa alfabeti. Sentensi ya viatu iko ukurasa wa 31, na pembeni yake kuna jina la aliyeisema.

Mazoezi yanaendelea kila Jumamosi saa nne, chini ya mwembe ulio nyuma ya bweni la wasichana. Sehemu ya tano bado haijasimama. Baba mdogo anarudi usiku, na hatujajua bado atasema nini.